Sauti Iliyogeuza Mkono wa Blauzi

Mama Bilonda wa mtaa wa Kapata husoma vitabu kwa miguu. Usicheke kwanza. Mwanamke ni mshonaji, mkono mmoja unasukuma kitambaa, wa pili unakipokea, macho yako kwenye sindano. Sasa kitabu atakishika na nini? Kwa hiyo anachukua simu, anaiweka ndani ya kikombe cha bati ili sauti itoke nene, anabonyeza, na kitabu kinaanza kusomwa huku yeye akikanyaga pedali ya cherehani. Vitabu vya karatasi ni vya Jumapili baada ya misa. Siku nyingine zote anasoma kwa masikio.

Na watu wa nyumba yake wamejifunza kumjua kwa cherehani hiyo. Kitabu kikiwa kizuri, miguu inatulia, na mashine inakwenda mwendo mmoja, laini, bila haraka. Kikiwa kibaya, inashtuka, inasimama, inaondoka kwa hasira, na uzi unakatika. Mwadi, binti yake mkubwa, amelelewa na mlio huo tangu enzi za michezo ya redio. Hata leo, akirudi kutoka kazini kwenye duka la dawa mjini Kolwezi, hajafika mlangoni anajua kama mama anasikiliza kitu cha maana au kama ni afadhali apitie jikoni.

Mama Bilonda angekuwa anayaweka moyoni maoni yake, basi, tungeishia hapo. Lakini parokia ina maktaba ndogo, na wasomaji wa maktaba hiyo wana kundi lao la simu, wanaliita Basomaji ba Kapata. Wengine wote huandika maneno ya adabu: kitabu kizuri, kinatufundisha mengi, asante kwa mwandishi. Mama Bilonda haandiki, maana vidole viko kwenye kitambaa. Yeye hutuma sauti, na akituma sauti watu huacha walichokuwa wanafanya.

Mwaka huu pekee amewatendea waandishi haki kwelikweli. Kulikuwa na riwaya moja nene ya Kifaransa, ya familia tajiri ya Ulaya. "Ile nyumba iko na byumba mingi," alisema, "lakini tangu mwanzo mupaka katikati hakuna muntu anakula. Banaangalia dirisha tu, banapumua. Mi nilifunga kitabu, nikaenda kupika majani ya sombe, nikabahurumia." Kikaja kitabu cha mchungaji mmoja, cha kuwafundisha watu ndoa. Mama Bilonda alikisoma Jumapili mbili, kwa uvumilivu, kisha akasema: "Huyu tata muchungaji anatufundisha bibi afanye hivi, bibi asifanye vile. Bibi yake mwenyewe haonekani mu kitabu hata mara moja. Mumulete aseme, njo nitaamini." Hadithi ya polisi, ya kusikiliza, aliipasua vipande viwili. Muuaji alimjua kabla hajamaliza kushona kola, kwa hiyo mwandishi akafanye mazoezi. Lakini mwanamke aliyeisoma, ah, huyo hata akisoma tangazo la kukatika maji, Mama Bilonda atamsikiliza mpaka mwisho.

Na asikudanganye mtu kwamba hapendi kitu. Kijitabu kimoja cha watoto, cha msichana aliyepotelewa na mbuzi, kilimliza barazani mchana kweupe mbele ya wateja, na akawaambia Basomaji wote kwamba alilia na haoni haya.

Mume wake, Tata Lukusa, maana huko baba huitwa tata, alikuwa fundi umeme wa migodi kabla ya kustaafu. Sasa hutengeneza redio za jirani na kumsikiliza mke wake akiwahukumu waandishi. Alikuwa na neno moja tu. "Mama Mwadi, hii mudomo yako itatuletea bageni siku moja."

Sasa hapo ndipo anapoingia Séraphin.

Séraphin Kitenge ni kijana wa Lubudi, karani katika ofisi ya malori hapo mjini, mwenye miguu mirefu na haya nyingi. Amempenda Mwadi na Mwadi amempenda yeye, na kila mtu alikuwa amefurahi, Mama Bilonda kuliko wote. Ila Mama Bilonda hajawahi kumwambia kijana huyo hata neno moja. Kwa watu wa kwao, mama na mume wa binti yake ni bako, kila mmoja ni muko wa mwenzake, na mambo ya bako yana masharti. Hamkai mkitazamana, hamli sahani moja, hamtaniani, na neno gumu halitoki kwenu hata kidogo. La lazima hupita kwa mtu wa tatu. Heshima hiyo wanaiita buko. Wenzake wengi siku hizi wanalegeza. Mama Bilonda halegezi. Tangu siku ya kwanza Séraphin alipokuja kusalimia, yeye alikimbilia jikoni na Tata Lukusa akabaki barazani na mgeni. Ikawa hivyo kila mara. Alimpenda mkwe wake kupitia dirisha la jiko, kwa namna alivyovua viatu bila kuambiwa, kwa namna alivyorudisha kiti mahali pake. Viatu vyake alivijua vizuri kuliko uso. Sauti hakuwahi kuisikia, maana kijana kwa haya zake alisema chini chini, haikufika dirishani.

Ulikuwa umebaki muda mfupi kabla ya familia ya Kitenge kutoka Lubudi kuja kujionyesha rasmi, Jumamosi, na Mama Bilonda alikuwa na blauzi za kwaya za kumaliza kabla ya ugeni huo. Asubuhi moja, katika kundi la simu kikatokea kitabu kipya cha kusikiliza, kimesomwa kwa Kiswahili cha hapahapa: *Asali ya Kando ya Reli*. Ni habari ya mwanamke wa Lubudi, mke wa mtu wa garimoshi, aliyefuga nyuki kando ya njia ya reli. Msomaji hakutaja jina lake. Mama Bilonda akaweka simu kikombeni, akaanza kukanyaga.

Kufika mchana alikuwa amekata uzi mara nyingi mpaka akaacha kulaani. Akainua blauzi aitazame. Mkono wa kushoto alikuwa ameuweka ndani-nje, na ameushona imara, kwa uzi maradufu.

Akachukua simu.

"Bandugu basomaji, bonjour. Nimesikiliza ile ya asali. Hadithi ni muzuri, nasema kweli, mama wa nyuki ni mama anachapa kazi. Lakini ule kijana anasoma, jamani. Anasoma kama muntu aliacha chungu ku moto. Mama wa batu anafiwa na bwana, yeye anapita pale mbio, hasimami hata kupumua. Kifo anakisoma sawasawa na namba ya simu. Nimemusikiliza, nimeshona mukono ya blauzi ndani-inje. Ule kijana atafute kazi ingine. Sauti yake ikae nyumbani."

Basomaji walicheka mpaka jioni. Mmoja aliomba apigiwe picha ya blauzi, na Mama Bilonda akaipiga.

Mwadi alirudi kutoka kazini akitembea haraka, na hakupitia jikoni. Alisimama mbele ya cherehani na mkoba bado begani.

"Mama, ile sauti njo ya Séraphin."

Mama Bilonda aliacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likasimama.

"Séraphin gani?"

"Séraphin wetu. Muko yako."

Akaeleza yote, na kila neno lilimwingia mama yake. Séraphin alikuwa amechoka kuwa viatu tu barazani. Alijua kwamba hawezi kuzungumza na mama wa Mwadi, wala hakutaka kuvunja heshima ya mtu. Lakini alifikiri, mama anapenda kusomewa. Hakuna pahali buko inakataza mama kusikiliza kitabu. Kwa hiyo alitafuta hadithi ya watu wa kwao Lubudi, akamwomba rafiki mwenye mitambo ya kurekodi, akaisoma yote baada ya kazi, na rafiki huyo akaiweka kundini. Jina alilificha ili mama asikilize kwanza bila woga, ndipo Mwadi amwambie siku ya Jumamosi. Ilikuwa zawadi.

"Juu ya nini haukuniambia?" mama yake aliuliza, na sauti ilikuwa imempungua.

"Alitaka usikie bure, bila kujua. Na umesikia."

Mama Bilonda alijifunika kichwa kwa kikwembe, kanga yake ya mabegani. Aliona haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Kumtukana mkwe mbele ya kundi zima, na mkwe mwenyewe alikuwa anamsomea yeye. Kwao jambo kama hilo halipiti hivihivi, hata kama ulilifanya gizani.

"Amesema nini?"

"Rafiki yake alimupelekea sauti yako. Alicheka kwanza. Kisha akanyamaza. Jumamosi anapashwa kusimama mbele ya bazazi ba pande mbili, aseme na mudomo yake anatafuta nani mu hii nyumba. Anasema, nitafungua mudomo namna gani mu nyumba ya mama aliyesema sauti yangu ikae nyumbani? Ameomba tata yake basogeze siku. Basogeze kwanza."

Neno hilo, kwanza, ndilo lililomtisha Mama Bilonda. Alijua posa kadhaa za Kapata zilizosogezwa kwanza, na mabinti wenyewe wangali kwao.

"Tuma sauti ingine," Mwadi alisema. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini ni mtoto wa mama yake, hakuyaacha yashuke. "Sema ulikosea. Sema ni muzuri tu, biishe."

Mama Bilonda akashika simu, akasafisha koo, akabonyeza. "Bandugu basomaji, nimefikiri tena. Ile sauti ya kijana ni… ni muzuri sana. Inatufundisha mingi."

Wakaisikiliza pamoja kabla ya kuituma. Mwadi alikunja uso.

"Futa, Mama. Hata mi sikuamini."

"Unaona? Na nikidanganya juu ya huyu, siku nitasema kitabu ni muzuri, nani atanisikiliza? Yeye mwenyewe atajua. Atakaa na muko mwenye kumudanganya mupaka kufa."

Asubuhi, Mama Bilonda alikamata kuku mweupe, akamfunga miguu kwa kipande cha kitambaa cha kwaya, akampa mumewe. Ndivyo wanavyosafisha kosa la buko kwao: aliyekosea hatoki mwenyewe, hutuma mtu na kuku.

"Umwambie, kosa ya buko, mama anaomba musamaha, na kweli anaomba. Umwambie hadithi alichagua ni muzuri."

"Na juu ya kusoma kwake?" Tata Lukusa aliuliza.

"Juu ya kusoma usimwambie kitu. Umuulize tu alikuwa anakimbia wapi."

Tata Lukusa akapanda pikipiki ya kukodi na kuku kwapani, akaenda mjini. Alirudi mchana bila kuku, akavua kofia, akaomba maji, akayanywa polepole kwa makusudi. Mkewe nusura ampige na rula ya kupimia.

"Courant," alisema mwishowe, yaani umeme, na akaanza kucheka. "Mutoto alikuwa anakimbia mbele ya courant. Ile chumba ya kurekodi, pale bana-enregistrer, iko nyuma ya duka, kompyuta yao haina batri. Courant ikikatika katikati, chapitre nzima, sura yote, inapotea. Kwa hiyo alisoma kitabu yote na jicho moja ku karatasi, jicho ingine ku ampoule ya taa. Ile pahali ya kifo, taa ilianza kupepesa. Angefanya nini, aache marehemu nusu?" Akafuta machozi. "Mi nilifanya kazi ya courant maisha yangu yote. Sikujua kama inaweza kuharibu hadithi."

Mama Bilonda aliweka rula chini. "Kuku alipokea?"

"Alipokea na mikono mbili. Jumamosi banakuja, hawasogezi. Lakini ameomba kintu. Anataka kukusomea ile chapitre ya kifo tena, hapa, mu kitabu, muchana, bila mashini wala courant. Na anataka useme kweli. Kweli ileile ya ku simu, anasema, mama asinionee huruma."

Hapo furaha ya Mama Bilonda ikaisha. Maana yeye ukweli wake hupitia mdomoni, na mdomo mbele ya mkwe umefungwa. Ampitishie mumewe? Mbele ya wazazi wa kijana, waliotoka Lubudi na mizigo, wasikie mama mkwe akimpa mtoto wao alama? Na akisoma vibaya tena, je? Akisema, anaweza kumvunjia binti yake ndoa kwa ulimi. Akinyamaza, kijana atakuwa ameshajibiwa. Alimuuliza Mwadi afanye nini, na Mwadi akamwambia ashone tu blauzi zake, mambo mengine yatajulikana. Mama Bilonda aliona kama binti yake anamfanyia mzaha.

Jumamosi ikafika. Watu wa Lubudi walishuka kwenye gari na unga, mahindi mabichi, na kidumu cha asali kilichofanya majirani wote watabasamu, maana habari ya kitabu ilikuwa imeshazunguka mtaa. Sebule ilijaa. Cherehani ilikuwa imehamishiwa chumbani kupisha viti, na huko ndiko Mama Bilonda alikokaa, kama inavyopaswa, nyuma ya pazia. Aliwasikia wasemaji wa pande mbili wakirushiana maneno matamu, sisi tumepita tu, tumeona ua, ua gani, hapa tuna maua mengi. Kisha akasikia kiti kikisogezwa, na mtu akisimama.

"Nimekuja kutafuta Mwadi," ilisema sauti, kavu kidogo. "Ni yeye. Hakuna mwingine."

Ndiyo ileile ya kwenye kikombe. Bila bati ilikuwa na joto zaidi. Wanawake wakapiga vigelegele, Mwadi akaitwa, akakubali mbele ya wote, na ingekuwa kawaida watu waanze kuulizia bukari, ugali wa huko. Lakini Séraphin hakukaa. Alitoa kitabu ndani ya koti.

"Ni masomo tena?" aliuliza mjomba mmoja wa Lubudi.

"Mumuache," alisema Tata Lukusa. "Kuna muntu ana deni yake ya kusikia."

Séraphin akaanza. Na masikini, woga ulimkamata, akaondoka mbio zilezile. Mume wa mama wa nyuki aliondoka na garimoshi, akaugua safarini, akafa, yote kwa pumzi moja. Huko nyuma ya pazia Mama Bilonda alifumba macho. Akiwa na wasiwasi, mikono yake hujitafutia kazi. Mkono wa blauzi ya mwisho ulikuwa palepale chini ya sindano. Miguu ikapanda kwenye pedali yenyewe. Mashine ikashtuka, ikaruka, ikasimama. Uzi ukakatika, na sebule nzima ikausikia mlio ule.

Wageni walitazamana. Mama mkwe anashona, siku kama hii? Lakini Mwadi alikuwa anamtazama Séraphin, na Séraphin alikuwa ameachia neno katikati. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu kuhusu ile mashine, jinsi inavyotulia na jinsi inavyokasirika, tangu siku za mwanzo za mapenzi yao. Akainua macho kwenye taa ya dari, ambayo haikuwa inawaka na hakuna aliyeihitaji. Akajicheka kidogo, akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa ukurasa.

Sasa alisoma kama mtu aliyekaa. Mama wa nyuki akaamka asubuhi. Akasubiri garimoshi. Garimoshi likapita bila kupiga honi mahali mume wake alipokuwa akiipiga siku zote, na mama akaelewa. Nyuma ya pazia uzi ukapitishwa upya kwenye sindano. Pedali ikaanza, mwendo mmoja, laini, bila haraka, na sauti ya msomaji ikakaa juu yake. Watu wa Kapata waliokuwa sebuleni wakaanza kutabasamu wakitazama sakafu. Mjomba wa Lubudi alitaka kuuliza tena, na Tata Lukusa akamwekea mkono gotini.

Akasoma jinsi mama yule alivyoleta nyumbani taa ya mkononi ya mumewe, ile ya kazini, akaisafisha masizi, akaijaza mafuta, akaitundika mlangoni kama kila siku.

Cherehani ikasimama.

Séraphin naye akaacha kusoma. Akasubiri mashine iondoke, haikuondoka. Akarudia sentensi ile ya taa, polepole zaidi, akitafuta alipokosea. Kimya. Akamgeukia Mwadi, na kitabu kikaanza kushuka mkononi mwake.

Kutoka chumbani ikasikika pua ikipengwa, kwa nguvu, ndani ya kitambaa cha kwaya.

"Endelea," Mwadi akamwambia. "Analia."

Akageuza ukurasa, akaendelea, na baada ya kitambo pedali ikaanza tena.